Ndege Zilirudi. Mafundi Waliitwa na Nani?



Najua kuna mtu ameshaanza kucheka. Singida tunajulikana kwa kuku wa kienyeji, alizeti na vitunguu. Ndege nyingi sisi tunaziona zikikatiza angani huku tumeshika jembe. Sasa huyu dada anatuletea habari za mafundi wa ndege, ametumwa na nani?

Nimetumwa na kifungu cha 38. Nitakieleza. Ila kwanza twende uwanja wa ndege, kwa sababu hadithi ya mafundi wa ndege wa nchi hii ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko zote kinachomsubiri kijana wa Manyoni aliyeko reli, wa Ikungi aliyeko mgodini na wa Singida mjini aliyeko kiwanda cha mafuta ya alizeti.

Hadithi inaanzia East African Airways. Shirika lilianzishwa 1946, likawa mali ya nchi tatu, na karakana yake kubwa ilikuwa Embakasi, Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na shirika likafa nayo. Kenya ikaanzisha Kenya Airways, Tanzania ikaanzisha Air Tanzania, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Fundi Mtanzania aliyekuwa amefunza mikono yake kwenye injini za shirika la nchi tatu akaamka asubuhi mwajiri wake hayupo. Miaka yake ya kazi ilikuwa kwa nani? Malimbikizo yake nani anadaiwa?

Jibu lilichukua muda. Mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya ulisainiwa Arusha mwaka 1984, miaka saba baadaye. Kila nchi ikabeba jukumu la kuwalipa watu wake. Wazee wetu wakasubiri. Wakaenda mahakamani 2003. Septemba 2005 wakafikia makubaliano na Serikali, shilingi bilioni 117 kwa wastaafu zaidi ya 31,000 wa mashirika yote ya Jumuiya: reli, bandari, posta, ndege. Hata baada ya hapo, mnakumbuka picha za wazee wenye fimbo wamekaa barabarani Dar es Salaam wakidai kwamba hesabu haijatimia. Kijana aliyekuwa na miaka 30 Jumuiya ikivunjika, makubaliano hayo yalimkuta ana miaka 58.

Wenzao wa Kenya walijaribu mlango mwingine. Mwaka 2010 watu zaidi ya 700 waliokuwa watumishi wa Jumuiya ya zamani walifungua shauri Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Mahakama ikawaambia Mkataba mpya wa Jumuiya umeanza kutumika Julai 2000, na hauwezi kurudi nyuma kuhukumu mambo ya 1977. Kisheria ni hoja inayoeleweka, darasani tunaifundishwa. Ila itazame kwa jicho la mzee yule: Jumuiya ilikufa, ikafufuka na jina lilelile, bendera ikapandishwa tena Arusha, majengo yakajengwa, watu wakaajiriwa. Deni lake tu ndilo halikufufuka.

Hiyo ndiyo tabia ninayotaka tuizungumze. Taasisi za nchi hii zinavunjwa, zinaunganishwa, zinabinafsishwa, zinarudishwa serikalini, na kila zikigeuka, kitu cha kwanza kudondoka njiani ni miaka ya kazi ya mfanyakazi.

Endelea na Air Tanzania. Desemba 2002 Serikali iliiuzia South African Airways asilimia 49 kwa dola milioni 20. Tuliambiwa ni ndoa. Mwaka 2006 ndoa ikavunjika, shirika likarudi mikononi mwa Serikali likiwa hoi. Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikaliondolea cheti cha kuruka, likarudishiwa mwezi uliofuata. Miaka iliyofuata likakonda mpaka likawa na ndege za kuhesabu kwa kidole kimoja. Halafu Septemba 2016 zikaja Bombardier Q400 mbili. Julai 2018 ikaja Boeing 787, Desemba ikaja Airbus A220. Mapokezi mnayakumbuka: ngoma, maji ya kumwagia ndege, hotuba.

Ndege zilirudi. Swali langu ni moja tu: kulikuwa na orodha?

Namaanisha orodha ya mafundi waliopunguzwa au kuondoka shirika lilipokuwa linakonda, imepangwa kwa miaka ya utumishi, ambayo sheria inamlazimisha mwajiri aimalize kwanza kabla hajatangaza nafasi kwa mtu mpya. Sisemi hakuna fundi wa zamani aliyerudi. Huenda wapo, na wanaendelea kuzikaza nati sasa hivi. Ninachosema ni kwamba aliyerudi alirudi kwa sababu mtu alimkumbuka. Hakuna kifungu cha sheria iliyotungwa na Bunge kilichomlazimisha yeyote kumkumbuka.

Sasa kifungu cha 38. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inasema mwajiri akitaka kupunguza watu kwa sababu za kiuendeshaji lazima atoe taarifa, atoe maelezo yote yanayohitajika, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe. Washauriane nini? Sababu za kupunguza, hatua za kuepuka au kupunguza makali, njia ya kuchagua nani aondoke, muda wa kuondoka, na malipo ya kuachishwa. Wasipokubaliana, suala linakwenda kwenye usuluhishi.

Isome tena. Kila kitu kinaishia mlangoni. Kuhusu unavyotoka, kifungu kina maneno. Kuhusu kurudi, hakina hata neno moja. Mwajiri anaweza kukupunguza Januari kwa kisingizio kwamba kazi imekwisha, na Juni akatangaza nafasi ileile uliyokuwa umeishika. Na hata hapo kwenye “njia ya kuchagua”, kifungu hakisemi miaka ya utumishi itapewa uzito gani. Kinasema tu mshauriane. Mtu mwenye familia na mkopo ashauriane na mtu mwenye kalamu ya kumfuta, halafu tuite hayo mazungumzo.

Kuna atakayeniambia, dada, zipo Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zina maelekezo mengi kuhusu upunguzaji. Zipo, na zisomeni. Ila kanuni ni kazi ya waziri, na waziri aliyezisaini anaweza kusaini nyingine kesho. Haki inayobeba chakula cha watoto inatakiwa iwe ndani ya sheria yenyewe, imejadiliwa bungeni mchana kweupe.

Twende kwenye pesa, maana hapo ndipo dharau inapoonekana kwa tarakimu. Kifungu cha 42 cha sheria hiyohiyo kinatoa malipo ya kuachishwa ya siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa utumishi, mwisho miaka kumi. Fundi aliyefanya kazi miaka 25: sheria inahesabu kumi, inazidisha kwa saba, anapata siku 70. Miaka 15 iliyobaki imeyeyuka. Fundi mwenzake wa Nairobi, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inampa si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, na haina ukomo wa miaka kumi. Miaka 25 ni siku 375. Injini ni ileile, anga ni lilelile, wanakutana Kilimanjaro wanaulizana habari. Mmoja ana siku 70, mwingine ana siku 375.

Na kifungu hicho cha Kenya kinasema wazi kwamba anapochaguliwa wa kuondoka, lazima izingatiwe miaka yake kazini pamoja na ujuzi, uwezo na uaminifu wake. Tusiwapambe sana jirani zetu. Mwaka 2012 Kenya Airways ilipunguza mamia ya watu, mahakama ya kazi ikaamuru wafanyakazi 447 warudishwe, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta amri hiyo ya kuwarudisha. Kwa hiyo hata kuweka ukongwe kazini kwenye sheria hakutoshi. Ukiwa na haki ya kuchaguliwa kwa haki wakati wa kutoka, bila haki ya kuitwa wakati wa kurudi, umepewa nusu ya ngazi.

Nani ana ngazi nzima? Nitoe mifano miwili.

Wa kwanza ni Afrika Kusini. Walmart ya Marekani ilipotaka kuinunua Massmart, wafanyakazi 503 walikuwa wamepunguzwa muda mfupi kabla. Mwaka 2011 Baraza la Ushindani likaruhusu ununuzi kwa masharti, na moja lilikuwa hili: nafasi zikipatikana, hao 503 wapewe kipaumbele, na miaka yao ya kazi izingatiwe. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya Ushindani ikaona hiyo haitoshi, ikaamuru warudishwe kazini. Kampuni kubwa kuliko bajeti za nchi nyingi iliambiwa iwape watu 503 haki yao. Zaidi ya hapo, sheria ya kazi ya Afrika Kusini, kifungu cha 197, inasema biashara ikihamia kwa mmiliki mpya ikiwa inaendelea, mikataba ya wafanyakazi inahama nayo yenyewe. Miaka yako inasafiri na wewe. Sheria yetu ya 2004 haina kifungu cha namna hiyo.

Wa pili ni Marekani, nchi ambayo haijulikani kwa kuwapenda sana wafanyakazi. American Airlines ilipoichukua TWA mwaka 2001, wahudumu wa ndege wa TWA waliwekwa mkiani mwa orodha ya ukongwe. Mtu mwenye miaka 30 ya kuruka akawa nyuma ya aliyeajiriwa juzi. Upunguzaji ulipokuja baada ya Septemba 11, walikatwa wao kwanza. Uchungu huo ndio uliozaa sheria ya mwaka 2007 inayoitwa kwa majina ya maseneta wawili wa Missouri, McCaskill na Bond: mashirika ya ndege yakiungana, orodha za ukongwe ziunganishwe kwa njia ya haki na usawa, na wakishindwa kuelewana, aamue msuluhishi. Seneta mmoja alikuwa wa Democratic na mwingine wa Republican. Waliweza kukubaliana kwa sababu watu wa jimbo lao walipiga kelele.

Na kama hizo ni nchi za mbali, Shirika la Kazi Duniani lilishasema mwaka 1982, Pendekezo Na. 166: aliyeachishwa kwa sababu za kiuchumi apewe kipaumbele mwajiri huyo akianza tena kuajiri watu wenye sifa zinazolingana, alimradi alisema mapema kwamba anataka kurudi. Ni umri wa mtu mzima sasa. Hatuombi mwezi.

Kwa nini nimeng’ang’ania mafundi wa ndege na siyo, mfano, makarani? Kwa sababu ya leseni. Fundi wa ndege hafanyi kazi kwa cheti cha chuo peke yake. Ana leseni, na kwa viwango vya kimataifa vya ICAO anatakiwa awe na angalau miezi sita ya kazi halisi ndani ya miezi 24 iliyopita ili aendelee kuweka saini yake kwenye ndege. Maana yake fundi aliyepunguzwa ana saa inayomhesabia. Akikaa mtaani miaka miwili bila kugusa injini, saini yake haina nguvu tena mpaka ajiweke sawa upya, kwa gharama. Miaka kumi baadaye ndege zikija na ngoma, utasema “hawana sifa”. Bila shaka hawana! Mliwaacha zikaoza sifa zao, kisha mkawahukumu kwa uozo huo. Na ndege mpya zikisumbua, kama A220 zilivyokaa chini kwa matatizo ya injini mwaka 2022, ndipo tunakumbuka kwamba mikono yenye uzoefu haiagizwi kwa meli.

Sasa nirudi nyumbani.

Manyoni ni mji wa reli. Kuna mzee pale anayetengeneza bodaboda karibu na stendi, spana zake amezipanga kwa ukubwa kama vyombo vya hospitali. Alikuwa fundi wa injini kubwa kwenye shirika moja, jina naliacha. Alipunguzwa, akaambiwa kazi ikirejea ataitwa. Nilimuuliza kama aliandikiwa mahali. Akacheka, akaniambia, “Mwanangu, niliambiwa kwa mdomo, na mdomo ule umeshastaafu.”

Tazama reli yenyewe. Oktoba 2007 Shirika la Reli likageuka TRL, asilimia 51 kwa kampuni ya RITES ya India. Migomo ikafuata. Mwaka 2011 Serikali ikainunua sehemu ya Wahindi. Mwaka 2017 Sheria ya Reli ikaiunganisha TRL na RAHCO, jina likarudi kuwa TRC. Ndani ya miaka kumi slipu ya mshahara ilibadilika jina mara mbili bila treni kuhama reli. Sasa SGR imefika mpaka Makutupora, mkoani kwetu. Kila kipande cha ujenzi kikiisha, vijana waliofunga vyuma wanaondoka. Kipande kinachofuata kikianza, nani ana orodha yao?

Na Desemba 2023 Serikali ilitangaza kuunganisha taasisi 16 na kuzifuta nne. Huenda kuunganisha ni jambo jema, kodi yetu inateketea kwenye bodi na magari. Ila kila tangazo la kuunganisha mimi nalisoma nikitafuta sentensi moja: miaka ya utumishi ya wafanyakazi itahesabiwaje, na atakayepunguzwa ataitwaje nafasi ikirudi? Hiyo sentensi tuidai iwe ndani ya sheria, ili isitegemee huruma ya aliyeandika tangazo.

Najua wengi wenu mnasema nini kimoyomoyo. “Dada, sisi ndio hatuna ajira. Unatuambia wazee waitwe kwanza? Tutaingia lini?” Hoja hiyo ni nzito, na sitaikwepa.

Kwanza, angalia nani anapunguzwa ukongwe ukiheshimiwa. Ni aliyeingia mwisho, yaani wewe. Kwa hiyo haki ya kuitwa tena inamlinda kijana kuliko mtu yeyote. Umeajiriwa miaka miwili, umepunguzwa, nafasi imerudi: bila orodha, inakwenda kwa mtoto wa mtu ambaye hata mlango wa karakana haujui. Pili, jiulize leo unakosa ajira kwa sababu ya orodha, au kwa sababu ya kimemo? Mimi sijawahi kukutana na kijana aliyekosa kazi kwa sababu fundi wa zamani aliitwa kwa haki. Waliokosa kwa sababu ya mjomba wa mtu wamejaa kila kijiwe. Orodha ina adabu moja ambayo mjomba hana: inasomeka na kila mtu. Tatu, fundi kijana anayetoka Chuo cha Taifa cha Usafirishaji anahitaji mtu wa kumsimamia. Ukimfukuza anayejua, unamfukuza mwalimu wa kijana huyo.

Wengine watasema ukongwe unalinda wavivu. Mvivu ana utaratibu wake wa nidhamu, sheria hiyohiyo ya 2004 imeuweka. Mtumie barua, msikilize, mwachishe kwa kosa lake. Usingoje kuunganisha mashirika ili umtupe mvivu pamoja na wachapakazi kumi kwenye kapu moja.

Kwa hiyo chama chetu kiandike haya kwenye ilani, na sisi vijana tuwe wa kwanza kuyasukuma:

1. Kampuni au shirika likiuzwa, likiunganishwa au likigawanywa, mkataba wa mfanyakazi uhame na miaka yake yote.

2. Aliyepunguzwa awe kwenye orodha ya kuitwa kwa miaka mitatu, orodha ibandikwe wazi na nakala iwe kwa chama cha wafanyakazi na kwa Kamishna wa Kazi. Ajira mpya ya nafasi hiyo bila kuimaliza orodha iwe batili.

3. Kwa kazi zenye leseni, kama mafundi wa ndege, mwajiri anayepunguza agharimie kuihuisha leseni ya anayemwita.

4. Ukomo wa miaka kumi kwenye malipo ya kuachishwa ufutwe, na siku saba ziwe angalau 15.

Wakati tunalisubiri Bunge, kuna kazi ya leo. Ukiwa kazini na ukaitwa kwenye kikao cha kupunguza watu, usiende peke yako na usisaini siku hiyohiyo. Mdai mwajiri maelezo kwa maandishi. Weka haki ya kuitwa tena kwenye muhtasari wa kikao na kwenye makubaliano. Sheria haijaipa mwajiri amri ya kukuita, lakini haijakukataza wewe kuidai, na ikishasainiwa ni mkataba. Ukiona umeachishwa bila haki, una siku 30 tu za kujaza Fomu Na. 1 na kuipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku ya 31 utaanza kuomba radhi kabla hujaomba haki.

Singida imezoea kuzaa wanasheria wakorofi. Basi tuendelee na ukorofi wetu. Safari ijayo ndege mpya ikitua na ngoma zikipigwa, mmoja wetu apige picha ya mlango wa karakana na aulize hadharani: orodha iko wapi?